Kutafuta Siku Isiyo na Historia

Nyumbani kwetu Kawetele, historia ya dunia ilikuwa inaanza asubuhi kabla ya chai. Redio ya baba ilikaa dirishani, imefungwa waya wa uzio badala ya antena, na kila siku kulikuwa na kipindi kifupi cha kutukumbusha kilichotokea siku kama ya leo, miaka iliyopita. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Siku kama ya leo mfalme fulani alitawazwa. Siku kama ya leo vita fulani viliisha. Akishamaliza, baba alikuwa anapunguza sauti ya redio, anakohoa, kisha anaongeza ya kwetu.

"Na siku kama ya leo," anasema, "ng'ombe wetu mwekundu alitumbukia kwenye choo cha jirani."

Hakusema kwa mzaha. Kwake mfalme na ng'ombe walikuwa na uzito sawa, ila la ng'ombe alikuwa na uhakika nalo kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamba. Tarehe ishirini ya mwezi wa saba redio ikatuambia kwamba siku kama hiyo binadamu walitua mwezini. Baba akaongeza kuwa siku hiyohiyo, mwaka mwingine kabisa, babu alishuka kutoka juu ya mparachichi bila kutumia ngazi wala tawi. Katikati ya mwezi wa nne ilizama ile meli kubwa waliyosema haizami, na kwetu katikati ya mwezi wa nne lori la ndizi la baba mdogo lilizama kwenye tope njia ya Masoko, likabaki limetoa kichwa tu. Ile meli baba aliihurumia nusunusu. "Wao angalau waligonga barafu," alisema. "Mdogo wangu hakugonga kitu."

Ukimwambia kwamba miaka haifanani, anakuonea huruma. Mwaka ukienda umekwenda, alikuwa anasema, lakini siku hurudi kila mwaka kuja kuangalia mnaendeleaje.

Kumbukumbu hizo hakuziandika popote. Alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake ya Jumapili ilikuwa kusoma matangazo: nani kafiwa, nani anaoa, ndama wa nani kapotea na mara ya mwisho alionekana akielekea wapi. Karatasi zile akishazisoma mara moja zilikuwa zinahamia kichwani na hazitoki tena. Watu walikuja nyumbani kumuuliza siku waliyobatizwa. Mmoja alikuja kumuuliza siku aliyogombana na shemeji yake, ili ajue kama anaruhusiwa kusamehe.

Kulikuwa na siku moja tu katika mwaka mzima ambayo redio haikuwashwa. Ni ya mwezi wa tisa, na tarehe yenyewe sitaitaja hapa, ni mali ya baba. Siku hiyo alifariki mama, mimi nikiwa bweni, kidato cha nne. Kila mwaka ikifika, baba alikuwa anavaa gambuti kabla hakujapambazuka, anaingia kwenye migomba, na simu yake inazimwa. Jioni anarudi, anakula, analala. Ukoo mzima ulijua. Hata baba mdogo wa lori, ambaye hajawahi kunyamaza mahali popote penye watu, siku hiyo alikuwa hapiti kwetu.

Nawaambia haya mapema kwa sababu mimi nilitaka kuolewa, na ili uolewe unahitaji tarehe.

Mchumba wangu ni mtaalamu wa mifugo. Kazi yake ni kuzunguka na pikipiki vijiji vya Rungwe, nyuma amefunga mtungi wa baridi wenye mbegu za madume, akipandisha ng'ombe wa watu. Alikuja kwetu kumshughulikia ng'ombe wa baba, na kwa kuwa baba alikuwa kwenye kikao cha kanisa, aliyeshika mkia ni mimi. Watu wengine hukutana kwenye kwaya. Sisi mapenzi yetu yalianzia nyuma ya ng'ombe, yeye akiwa amevaa glavu hadi begani, na nilimpenda kwa sababu alimwomba radhi ng'ombe kabla ya kuanza. Mimi mwenyewe nina cherehani mjini Tukuyu, kwenye baraza la mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa. Nashona sare za shule, na nina hasira za karibu. Mtu aliyeniletea kitambaa pungufu akadai suruali ya upana kamili anaweza kuwaeleza.

Mahari iliongelewa mchana mmoja ikaisha. Ng'ombe walikubaliwa, blanketi la bibi likakubaliwa, maziwa mgando yakanywewa. Baba alikuwa mwepesi mpaka nikajisikia vibaya kidogo, kama mtu anayetolewa kwa bei ya haraka. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe mlima ulikuwa mbele.

Mshenga akaleta tarehe ya kwanza, Jumamosi ya mwezi wa sita, mvua zikiwa zimepungua na njia zikiwa zinapitika. Baba alifumba macho. Akasema siku hiyo haiwezekani, kwa kuwa siku kama hiyo mjomba wake alipigwa pembe na ng'ombe akiwa amevaa suti pekee iliyokuwepo kijijini, na suti ilikuwa ya kuazima. Mshenga akasema sawa, Jumamosi inayofuata. Siku hiyo bati za chumba cha kwaya ziliezuliwa na upepo. Inayofuata je? Siku hiyo mchungaji mmoja wa zamani alisinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe, na baba hakutaka ndoa yangu ikae juu ya usingizi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na hakuitoa kwenye Biblia wala kwa mababu, ilikuwa yake mwenyewe: harusi haikai juu ya balaa. Kila siku inayorudi huja na mizigo yake, na bibi harusi asitwishwe mzigo usio wake.

Mshenga alikuwa mtu mvumilivu, mwuza mbao. Alirudi mara kadhaa. Mara ya mwisho alikuja na Nane Nane, akiamini kwamba sikukuu ya wakulima haiwezi kuwa na ubaya. Baba akamsimulia jinsi alivyowahi kumpeleka jogoo wake Mbeya kwenye maonyesho, jogoo akatoroka, na alipopatikana alikuwa kwenye banda la mama ntilie, tayari pembeni ya wali. Mshenga akavaa kofia yake. Akaniambia nje, kwa upole, kwamba ananitakia heri lakini yeye amerudi kwenye mbao.

Mchumba wangu alikuwa ameanza kukonda. Watu wa kazi yake wanahesabu siku. Ukimpa tarehe ng'ombe alipopandishwa atakwambia atazaa lini, na ndama anatokea kweli. Hakuelewa inakuwaje ng'ombe wa wilaya nzima wana tarehe na yeye hana. Akatafuta dawa. Akapendekeza tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa pili, kwa hoja kwamba siku isiyorudi kila mwaka haiwezi kuwa imebeba mengi. Baba alimtazama kwa heshima mpya kabisa. Akakiri kwamba siku hiyo kweli ni safi. Shida ni kwamba mwaka ule haukuwa nayo, wala uliofuata, wala wa baada ya hapo, na mimi nilisema wazi kwamba sitasubiri ndoa kama wanasiasa wanavyosubiri uchaguzi.

Ndipo mchumba wangu alipoamua kumleta shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea, wazazi wake walipofariki. Aliishi Masukulu, mjane, mwenye migomba mingi na maoni mengi zaidi. Mchumba wangu aliniambia kwamba shangazi ni mtu wa vitendo, atalimaliza jambo kwa kikao kimoja. Lakini mwanamume huyu niliyempenda alisahau kunieleza kitu kimoja kuhusu shangazi yake. Nadhani kwao walikuwa wamezoea kiasi kwamba hawakukiona tena.

Alifika na bodaboda, kikapu kichwani kwa sababu hakumwamini dereva kukishika, akasalimia "Mugonile" mara tatu, mlangoni, sebuleni na jikoni. Akala mbalaga yangu, ndizi na maharage na nyama, akaniambia chumvi iko sawa ila ningeiongeza kidogo. Kisha akamgeukia baba akataja Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Baba akafumba macho kama kawaida yake, lakini kabla hajafungua mdomo, shangazi akajizuia mwenyewe.

"Hapana, mkwe," alisema. "Siku hiyo kwetu bibi harusi alitorokea dirishani. Watu kanisani, yeye migombani."

Baba akafumbua macho.

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa nini, mkwe? Ni siku."

Nilimwona baba akivuta kiti chake karibu. Nilijua tumekwisha.

Kuanzia hapo akaja kila wiki. Walikuwa wanaanza kwa tarehe moja, kwa nia njema kabisa ya kuniozesha, na ndani ya muda wa kumenya njugu walikuwa wameshaifukia. Shangazi alikuwa na siku ambayo ng'ombe mmoja wa mahari alilipwa kwa mabibi harusi wawili, na wote wawili wakaja kumwangalia kwa wakati mmoja. Baba alijibu kwa siku ambayo mtu alizikwa Kawetele akaonekana Jumatatu sokoni Tukuyu akinunua viazi, kwa sababu aliyezikwa alikuwa mwingine. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga, akasema hiyo ilikuwa nzito, akaomba aipeleke Masukulu.

Walibishana kama mambo ya redio nayo yahesabiwe. Baba alishikilia kwamba kilichotokea duniani kimetokea, na kwamba hawezi kumwozesha binti yake siku ambayo meli ilizama na watu wote wale. Shangazi akasema meli haikuwa ya ukoo wetu. Wakapatana kwamba vita na ajali za mbali zihesabiwe nusu. Mchumba wangu akadhani amepata upenyo, akataja Muungano, tarehe ishirini na sita ya mwezi wa nne: siku ya kuungana, nchi nzima iko mapumziko. Shangazi akamkumbusha mvua ya mwezi wa nne ilivyochukua daraja siku kama hiyo, na sufuria la pilau likiwa juu yake. Tarehe tisa Desemba je? Baba akatikisa kichwa. Siku hiyo nchi nzima ilipata Uhuru, alisema, sasa harusi yako wewe itaonekana saa ngapi?

Mwenye baraza langu ndiye mwenye masufuria makubwa ambayo kila mtu mjini huazima, Wakristo kwa Waislamu. Alikuwa ameniwekea mawili tangu posa. Kila nikifika asubuhi ananiuliza imekuwa lini, na kila nikimjibu bado, anakuna ndevu na kuniambia subira huvuta heri. Masufuria yangu yakaenda kwenye harusi ya mtu wa Masoko yakarudi. Yakaenda kwenye maulidi yakarudi. Yalikuwa yanatembea kuliko mimi.

Siku moja nikaanza kuwaza jambo lililoninyima raha. Mimi ndiye mtoto wa mwisho na ndiye niliyebaki nyumbani. Kaka zangu wako Dar es Salaam, wanapiga simu Krismasi na ng'ombe akiuzwa. Nikiondoka, ile redio ikishazungumza, baba atamwongezea nani ya kwetu? Nikajiuliza kama zile balaa zote za mwezi wa sita na wa saba zilikuwa balaa kweli, au ni mzee anayevuta siku ili nisitoke mlangoni. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma. Mambo hayo mawili niliyabeba pamoja kwa wiki kadhaa na sikumwambia mtu, hata mchumba wangu, kwa kuwa yeye angeelewa, na mimi sikutaka mtu wa kuelewa. Nilitaka tarehe.

Na kulikuwa na hofu nyingine. Mwezi wa nane ulikuwa unaisha. Shangazi alikuwa ameipitia kalenda ya mwaka mzima kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na mbele yake kulikuwa na ile siku ya mwezi wa tisa ambayo hakuna aliyemweleza. Baba hakuwahi kuitaja. Walipofika mwezi wa tisa alikuwa anairuka, anatoka juma moja na kuingia lingine, sauti ile ile, kama mtu anayeruka dimbwi analolijua. Shangazi hakuliona dimbwi. Ningeweza kumnong'oneza. Kila mara nilipotaka kusema nilijikuta nimekwenda jikoni kuongeza chai.

Ile siku ya mwisho ya vikao vyao nilirudi kutoka mjini nimechoka na nimelowa, maana mvua ya Tukuyu haijui kwamba kuna kiangazi. Kutwa nzima nilikuwa nimeshona magauni ya wasimamizi wa harusi ya binti mwingine, binti niliyemzidi umri, aliyechumbiwa baada yangu, na ambaye alinisisitizia kwamba rangi iwe ya parachichi lililoiva vizuri, si lililopitiliza. Nikaingia sebuleni. Baba na shangazi walikuwa wamekaa, mchumba wangu kati yao kama mtuhumiwa, na njugu zangu nilizokaanga kwa ajili ya kuuza zilikuwa zimebaki maganda. Walikuwa wanacheka. Baba alikuwa anasimulia mbuzi aliyepanda mimbari.

Niliweka mwamvuli chini. Nikawaambia yote niliyokuwa nayo. Nikawaambia kwamba watu wanakumbuka mbuzi kuliko mimi, kwamba ng'ombe wa wilaya nzima wanajua siku zao, kwamba masufuria yangu yamehudhuria harusi zaidi ya mchungaji. Mchumba wangu alinishika mkono nikauvuta.

"Basi niozesheni siku ambayo Mungu bado hajaiumba," nilisema.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Shangazi, ambaye nilitegemea anijibu kwa ukali kwa kuwa nilikuwa nimewavunjia heshima wakwe, akanitazama kwa upole usio wa kawaida yake.

"Mwanangu, kaa chini," alisema. "Iko moja. Nimeipitia kichwani njia nzima leo kwenye bodaboda. Kwetu Masukulu siku hiyo haina kitu kabisa, na mwaka huu ni Jumamosi."

Akaitaja.

Niliangalia sakafu. Mchumba wangu, ambaye alijua, alijaribu kukohoa lakini alichelewa. Baba hakufumba macho mara hii. Aliinuka, akavaa gambuti zilizokuwa mlangoni, akachukua panga, akatoka kwenye mvua bila koti. Tulimwona akipotea kwenye migomba.

Shangazi akaniuliza amesema nini kibaya. Nikamweleza. Alijifunika kanga kichwani, kisha akaanza kutafuta kikapu chake. Alisema kwa Kinyakyusa maneno ambayo sitayatafsiri, ya mtu anayejilaani. Alisema atarudi Masukulu na hatakanyaga tena pale, na mtoto wake atafute mke kwa watu ambao yeye hajawatonesha kidonda. Mimi nililia, na nakiri nililia kwanza kwa ajili yangu mwenyewe, nikaja kumlilia baba baadaye.

Kikapu kilikuwa hakijapatikana baba aliporudi. Alikuwa amelowa chapachapa, begani ana mkungu wa ndizi. Akautua miguuni kwa shangazi, akakaa. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye sakafu na hakuna aliyethubutu kumpa taulo.

"Una uhakika haina kitu?" akauliza. "Huko kwenu?"

"Hata kuku hakutaga, mkwe," shangazi alisema chinichini.

Baba alitikisa kichwa taratibu. Kisha akakohoa, kile kikohozi cha asubuhi.

"Kwetu inacho," alisema.

Akasimulia. Sijawahi kumsikia akiisimulia, na tangu hapo sijamsikia tena kwa urefu ule. Alisema asubuhi ya siku hiyo mama alimwamsha kwa kumwambia ng'ombe ameingia kwenye maharage. Akakurupuka, akavaa gambuti gizani, moja yake na moja ya mama, zote za kushoto, akakimbia nazo hivyo hadi shambani. Mama alimfuata na taa. Alipoona miguu yake ilivyoelekea upande mmoja, alicheka akashindwa kusimama, akakaa kwenye umande. Ng'ombe akaendelea kula maharage. Walimtoa kukiwa kumekucha. Wakabandika chai. Redio ikasema yake, siku kama ya leo, mji fulani, mfalme fulani, na mama akaijibu redio kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu waoane, kabla sisi watoto hatujaamka: na sisi je, sisi hatukufanya lolote?

Niliporudi kutoka bweni nilimkuta baba anaiongezea redio mambo ya kwetu, nikadhani ni upweke, au uzee umewahi. Kumbe mwenye mchezo ule alikuwa mama. Baba alikuwa anamjibia.

"Alinituma chumvi," baba aliendelea. "Nilipinga. Nikaenda. Nikarudi." Alichokikuta mchana huo tulikijua, na hakukisema. Alipanguza uso kwa mkono uliolowa vilevile, kwa hiyo haikusaidia.

"Kwa hiyo haiko tupu," alimwambia shangazi. "Ina mambo mengi sana ile siku. Ila tangu mwaka ule haijawahi kufika jioni. Inafika mchana inakatika."

Akanigeukia.

"Mama," aliniita, kama anavyoniita siku zote. "Tuwekee jioni."

Matangazo yangu ya ndoa aliyasoma yeye mwenyewe, Jumapili tatu, kama kanisa linavyotaka. Jumapili ya kwanza alipotaja tarehe, kanisa zima liliinua vichwa, na baba mdogo alisimama nusu akadhani mzee amekosea karatasi. Baba aliirudia tarehe ile kwa sauti kubwa zaidi, kisha akaendelea na ndama aliyepotea.

Asubuhi ya harusi alikwenda kwenye migomba kama kila mwaka. Hatukumzuia. Tulimwandalia suti kitandani tukaondoka kwenda kanisani tukiwa hatujui kama atakuja. Ukungu ulikuwa mzito mno hata gari la bibi harusi lilitanguliwa na mtu anayetembea kwa miguu, ameshika jani la mgomba, asije dereva akatuingiza kwenye shamba la chai la watu. Nilifika mlangoni nikamkuta amesimama pale, suti kavu, miguuni gambuti. Alisema viatu vinabana. Nikamshika mkono tukaingia. Harusi ya mchana ile ilikuwa na makosa yake yote ya kawaida: mchungaji alimuuliza mume wangu swali langu naye akajibu ndiyo, jenereta likazimika keki inapokatwa, na keki ikakatwa kwa tochi ya simu na mtu ambaye hatukumfahamu. Jioni shangazi alicheza mpaka kiatu kimoja kikaruka kikaangukia kwenye sufuria la mchuzi la mzee wa vitambaa, ambaye alikitoa kwa mwiko, akakikung'uta, akamrudishia kwa adabu. Baba alikuwa amekaa upande mwingine wa turubai. Niliona midomo yake ikienda, na nilijua anachofanya. Alikuwa anaihifadhi.

Siku hizi naishi Masukulu. Mwaka ulipozunguka na siku ile ikarudi, niliamka mapema. Nilimpigia baba nikijua simu itakuwa imezimwa. Iliita. Alipokea, na nyuma yake nikaisikia redio.

Hatukusalimiana sana. Aliniuliza kama mvua imenyesha huku, nikasema imenyesha. Akaniambia kule maharage yanaendelea vizuri. Halafu nikamsikia akipunguza sauti ya redio.

"Haya," alisema. "Na ninyi huko leo mmefanya nini?"

Nilitafuta cha kumpa. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, hatukuwa tumefanya lolote. Nikamwambia tu kwamba mume wangu ameitwa alfajiri, kuna ng'ombe anazaa kwa shida huko bondeni, na bado hajarudi.

"Ng'ombe wa nani?" baba akauliza. "Rangi gani?"